Boti Iliyorudishwa Bwawani

Asubuhi ya kwanza Nzilani alidhani mtoto amekojoa. Alimfokea kidogo, akambadilisha nguo, akatoka kuanika blanketi kwenye waya, na alipoliinua ndipo pua ilipomwambia kwamba huo si mkojo. Blanketi lilinuka matope. Lilinuka maji yaliyosimama siku nyingi na majani yaliyoozea ndani yake, na harufu hiyo haikuwa na njia ya kufika Kabiro, Kawangware, kwenye chumba kimoja cha mabati ambacho bomba lake la karibu hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Mtoto, Whitney, alikuwa na miaka sita na alilala ndani ya boti. Cheka ukitaka, ploti nzima ilicheka. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, mita mbili na nusu, chini bapa, mbao zimezibwa kwa lami, na ilijaa ukuta mmoja wa chumba kutoka mlangoni hadi kwenye magunia ya makaa ambayo Nzilani aliyauza kwa mkebe. Ndani yake alitandika godoro la sponji. Mtoto akawa na kitanda ambacho hakuna mtoto mwingine Kawangware aliyekuwa nacho.

Aliyeiunda ni mumewe, Nashon. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitanda, lakini alizaliwa kando ya Ziwa, na mtu wa ziwa ukimweka miaka kumi mbali na maji atajitafutia hata dimbwi. Dimbwi lake likawa Bwawa la Nairobi, lile lililo chini ya Nyayo Highrise, ambalo limefunikwa na magugu maji mpaka mgeni akipita anadhani ni shamba la mtu. Kila Jumapili Nashon aliingia katikati ya magugu akatoka na kambare wawili watatu. Jumapili moja ya mwezi wa tatu hakutoka. Boti ilikutwa imetulia ukingoni, kavu, kasia limelazwa ndani vizuri. Wapiga mbizi walitafuta siku nne, magugu yakawashinda.

Kwao Nashon hawamwachi mtu akaning'inia hivyo. Maji yakimmeza asipatikane, linatafutwa tunda la yago, lile refu linaloning'inia mtini, linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa na kuzikwa kama mtu mwenyewe, ili aliyepotea apate pa kutulia. Nzilani alisimama kando ya kaburi akiwa mgeni wa kila kitu. Yeye ni Mkamba wa Kitui, na kwao maji hufuatwa kwa punda. Alilia, ila rohoni alishindwa kuamini kwamba amemzika mtu. Walipoagana, shemeji yake Oloo alimvuta kando.

"Shemeji, ile boti iwache huko huko," alimwambia. "Sisi tushamaliza. Usianze tena."

Hakusikia. Ningetaka kumlaumu lakini nashindwa, kwa sababu boti ilikuwa ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe, na kule bwawani watu walikuwa wameanza kuing'oa mbao za kuni. Mwezi mmoja baada ya mazishi alitoa uvunguni kifaa ambacho Nashon alikuwa amejitengenezea, magurudumu mawili ya wilbaro kwenye chuma kimoja na ubao juu yake, maana Nashon aliihamisha boti yake peke yake bila gari wala mkokoteni. Nzilani alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi. Unafunga magurudumu chini ya tumbo la boti, nyuma kidogo ya katikati, mpaka ukiinua pua yake uzito uwe wa kubebeka mkononi. Pua ikikulemea, unasogeza magurudumu mbele. Halafu unavaa kamba begani unavuta.

Alivuta. Kupanda kutoka bwawani karibu kumshinde, nguvu zikaisha katikati ya mlima, na hapo mtu akaja nyuma akamsukumia. Jambo la kawaida. Nairobi anayevuta mzigo mlimani husukumiwa na yeyote anayepita, na kwa sababu ukigeuka mzigo utakurudisha chini, unasema tu asante ukiangalia mbele. Nzilani akasema asante. Boti ikawa nyepesi kutoka pale hadi Kabiro.

Sasa tumrudie mtoto na blanketi lake. Asubuhi ya pili lilikuwa limelowa tena, na ya tatu. Nzilani alikagua paa, akakagua sakafu. Mvua haikuwa imenyesha. Kisha makaa yakaanza kukataa kushika moto. Wateja waliyarudisha wakilalamika, na alipotia mkono katikati ya gunia, mahali ambapo hata umande haufiki, vidole vilitoka vimelowa. Mchana, akiwa amekaa mlangoni na mkebe wake, alisikia kutoka ndani mbao ikigongwa taratibu, tok, kimya, tok, kama kasia linavyogusa ubavu wa boti. Aliingia mara tatu. Kasia lilikuwa limesimama kwenye kona.

Alimtoa mtoto kwenye boti akamlaza kitandani pake. Asubuhi alimkuta botini.

"Nani amekurudisha huku?" alimuuliza.

"Nimekuja mwenyewe. Baba anasikianga baridi akilala peke yake."

Nzilani aliketi chini. Mwanamke yeyote angeogopa, naye aliogopa, lakini nisimfichie: kabla ya hofu ilitangulia furaha, ndogo, ya haraka, akaionea haya hata kabla haijaisha. Alimuuliza mtoto kwa sauti ya chini baba yuko upande gani. Whitney akaonyesha upande wa nyuma wa boti, anapokaa mwenye kasia, halafu akakohoa, na kilichotoka kinywani kilikuwa maji ya kijani.

Walienda hospitali. Daktari alisikiliza mapafu akasema yako safi. Wiki hiyo mtoto aliacha kula, mashavu yakaingia ndani, na mikono yake ikawa baridi hata akiwa kwenye jua la saa sita. Jumanne alishika shanga za mamake akamwambia bila wasiwasi wowote, kama mtoto anayesimulia mambo ya shule, kwamba baba amesema Ijumaa watatoka na boti, wao wawili, na kwamba mami asilie kwa sababu boti ni ya watu wawili tu.

Jirani wa mlango wa pili, Daisy, msichana anayesuka nywele, ndiye aliyemwambia kuhusu Hajati.

"Mathe, hii si ya panadol," Daisy alinong'ona, akiangalia mlango wa Nzilani na kukataa kuuingia. "Kuna Hajati mmoja huko Makina. Usiniulize nimejuaje. Enda tu."

Hajati Batula alikuwa mwanamke mnene, Mnubi wa Makina tangu babu zake, na alimpokea Nzilani akiwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Alisikiliza habari yote, ya bwawa, ya yago, ya blanketi, na alichouliza kilikuwa kimoja.

"Boti ulivuta peke yako?"

"Peke yangu, Hajati. Ila kuna mtu alinisukumia pale kwa mlima."

"Ulimwona?"

"Sikugeuka. Nilimwambia tu asante."

Hajati aliweka ungo chini. "Basi mambo ni hayo, mwanangu. Wakwe zako walifunga mlango vizuri, wewe ukaenda ukaufungua na ukasema asante. Hilo ni jini la bwawa. Limekuta mahali pa mume wako pako wazi, limekaa. Na likishakaa mahali pa baba, linataka mtoto."

"Nifanye nini?"

"Uirudishe kesho, kabla ya Ijumaa yenyewe. Uivute peke yako. Mtu yeyote akiigusa, hata kidole, litaenda kwake. Uitie majini kwa mikono yako, uisukume, useme hivi: wewe si wa nyumba yangu. Litakusemesha. Liwache liseme. Ila wewe usiliulize swali. Unanisikia? Swali lolote."

Alhamisi saa nne asubuhi, mawingu yamekaa chini na manyunyu yameanza, Nzilani alimwacha Whitney kwa Daisy akaanza kazi. Kuitoa boti nyumbani peke yake kulichukua karibu saa nzima. Alisimamisha boti kwa ubavu, akainua pua akaizungusha hatua moja, akarudi nyuma akainua mkia akauzungusha hatua moja, akaitembeza hivyo mpaka nje ya mlango, majirani wakiwa wamejaa wakitaka kusaidia na yeye akiwafukuza kama kuku. Alifunga magurudumu pale pale pa siku zote, nyuma kidogo ya katikati. Aliinua pua. Iliruka juu yenyewe, mkia ukagonga chini.

Alisogeza magurudumu nyuma, akajaribu. Akasogeza tena. Mpaka magurudumu yalipokuwa karibu kabisa na mkia ndipo pua ilipokubali kutulia mkononi, na hapo, ingawa alikataa kufikiria, alielewa kwamba nyuma ya boti, anapokaa mwenye kasia, kulikuwa na uzito wa mtu mzima.

Kutoka Kabiro alishika Naivasha Road, akavuka Ngong Road pale Dagoretti Corner magari yakimpigia honi, akachukua njia ya kuingia Kibera. Kamba ilimkata bega. Watu walimcheka, maana mwanamke anayevuta boti katikati ya mji ni kichekesho cha bure. "Mathe, mafuriko yanakuja na hujatuambia?" kijana mmoja wa bodaboda aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko. Nzilani alicheka pia kidogo. Alikuwa na haja ya kusikia sauti ya mtu.

Karibu na Makina njia ilipanda kidogo, na wanaume wawili waliokuwa wakisubiri kibarua walisimama.

"Hebu tukusaidie mama. Hiyo itakuua."

"Msiguse."

"Si tunakusaidia tu?" Mmoja alikuwa tayari amenyoosha mkono nyuma ya boti. Nzilani aliachia kamba, akarudi mbio, akamchapa mkono ule kwa kofi ambalo lilisikika ng'ambo ya barabara. Yule mwanamume alimwangalia kwa mshangao na uchungu. Hakuwa amewahi kusaidia mtu akachapwa. Nzilani alitaka kumwomba msamaha, akaogopa hata neno hilo, akavaa kamba yake akaendelea huku machozi yakimtoka, kwa sababu alijua amemkosea mtu mwema na kwamba yule mtu hatajua kamwe alichoepushwa nacho.

Njia ilipoanza kushuka kuelekea Nyayo Highrise alitarajia nafuu, maana mzigo ukishuka hukusukuma wenyewe, lakini boti haikumsukuma, ilikaa pale pale nyuma yake nzito na yenye ukaidi kana kwamba kuna anayekanyaga chini kwa visigino, na kila alipovuta hatua kumi alisikia ndani yake maji yakicheza, maji ambayo hakuyaona alipoitoa nyumbani, na harufu ile ya matope ikampita ikatangulia mbele, na watu waliokuwa wakija upande wake wakaanza kuvuka barabara kabla hawajamfikia bila wao wenyewe kujua kwa nini. Hakuna aliyecheka tena.

Saa tisa alikuwa ukingoni. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Pale chini, nyuma ya mashamba madogo ya nduma, kulikuwa na uwazi mwembamba ambapo Nashon alikuwa akipitia, na magugu maji yalikuwa hayajaufunga. Magurudumu yalizama kwenye matope kwa hiyo aliyafungua, akatoa vipande vitatu vya bomba la plastiki alivyobeba, akavilaza chini ya boti, mkia ukielekea majini, na akaanza kusukuma. Boti ikibingirika hatua mbili, kipande cha nyuma kinabaki wazi, anakiokota anakipeleka mbele. Ndivyo Nashon alivyokuwa akifanya. Hakukosea hata kimoja, na mkia ulipogusa maji simu ililia.

Ilikuwa ni Daisy, na alikuwa akinong'ona ingawa alikuwa kwake.

"Mathe, uko wapi? Huyu mtoi amelala na haamki. Nimemwita, nimemtingisha. Nywele zake zinatoa maji, mathe. Yanatoka tu."

"Mshike. Usikate simu."

Aliitia simu kifuani ndani ya blauzi, akaegemea pua ya boti kwa bega lake lililochubuka. Boti iliteleza ikaingia majini, na mkia wake ukazama chini sana huku pua ikiinuka, kama inavyofanya ikiwa na mtu mmoja tu na amekaa nyuma. Nzilani alikuwa ameshika ukingo wa boti. Maji yalimfika magotini. Kutoka nyuma ya boti, ambako hakukuwa na mtu, sauti ilisema taratibu:

"Nyar Kitui."

Ni Nashon peke yake aliyemwita hivyo, msichana wa Kitui, kwa lugha ya kwao, na alimwita hivyo hata wakigombana.

"Nyar Kitui, usiniwachilie. Huku ni baridi. Siku ile nilikusukumia kwa mlima mpaka juu, na hukugeuka hata kuniangalia."

Alikuwa amejiandaa kwa kitu kibaya, kwa kucheka au kunguruma. Hakujiandaa kwa sauti iliyochoka, sauti ya mtu anayerudi kutoka kazini amekosa kulipwa na anaona haya kusema, na mikono yake ikagoma kusukuma, na neno la kusema alilijua na halikutoka, kwa sababu kama lile ni jini basi ni rahisi na kama si jini basi alikuwa amesimama kwenye matope ya Bwawa la Nairobi akiwa tayari kumtupa mume wake mara ya pili, na Hajati alimkataza kuuliza lakini Hajati hakuwahi kuolewa na Nashon. Akauliza.

"Siku Whitney alizaliwa," alisema, meno yakigongana, "ulinifanyia nini pale kwa mlango wa hospitali?"

Mvua ilipiga magugu. Aliomba kwa Mungu wake lishindwe kujibu. Aliomba kwa nguvu zote.

"Miguu yako ilikuwa imevimba, viatu vikakataa," sauti ikasema. "Nilivua vyangu nikakuvalisha. Nikatembea miguu mitupu hadi steji. Hakuna mwenye alisema kitu."

Kifuani, ndani ya blauzi, Daisy alikuwa akilia. "Mathe, hapumui vizuri. Mathe, fanya chenye unafanya."

Nzilani alishika mti mrefu aliokuta ukingoni. Aliuweka kwenye pua ya boti. "Wewe si wa nyumba yangu," alisema, kisha akasukuma kwa uzito wake wote mpaka akaanguka kifudifudi majini. Boti iliingia kwenye uwazi, mkia mbele, ikiwa bado imezama upande ule. Sauti haikupiga kelele. Ilimwita mara moja tena, polepole, kisha magugu yakafunga njia nyuma ya boti na bwawa likawa shamba la kijani kama kawaida.

Alipotoa simu ilikuwa imelowa lakini inasema.

"Ameamka," Daisy alikuwa akirudia. "Ameamka, mathe. Anaitisha chai. Anasema ana njaa."

Whitney alikula vipande vinne vya mkate jioni ile. Ndani ya wiki moja mashavu yalirudi, mikono ikapata joto, na makaa yakashika moto kwa kiberiti kimoja. Mtoto alilala na mamake na hakumtaja baba tena. Daisy alianza kuingia nyumbani. Kwa hesabu ya mtu yeyote mambo yalikuwa yameisha, na Nzilani alibeba kilo mbili za mchele akaenda Makina kushukuru.

Hajati alifurahi. Alimkalisha, akamwekea chai ya tangawizi, akauliza hali ya mtoto. Nzilani alijibu vyote. Alipokuwa karibu kuondoka akauliza jambo kama la kupitisha wakati.

"Hajati, majini yanajua kila kitu?"

"Nani amekudanganya? Ya siri anajua Mungu peke yake. Jini hujua lile limesikia. Mkiongea ndani ya nyumba, na lipo, linachukua." Hajati alimwangalia. "Kwa nini? Uliliuliza kitu?"

"Hapana," Nzilani akasema.

Alirudi Kabiro kwa miguu akitembea haraka, karibu kukimbia. Hadithi za kulala alimsimulia mtoto kila usiku, pale pale kando ya boti, na mtu hawezi kukumbuka kila hadithi aliyosimulia. Huenda ile ya viatu aliisimulia. Huenda usiku mmoja amechoka aliisimulia bila kufikiri, na kile kilichokaa nyuma ya boti kikasikia kikaweka. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshaanza kuamini hivyo, na alikuwa akimshukuru Mungu.

Whitney alikuwa mlangoni na sahani ya ugali na sukuma.

"Whitney," alisema, akichuchumaa mbele yake bado anahema, "nilishakuambia ile stori ya viatu vya baba? Siku yenye ulizaliwa?"

Mtoto alitafuna, akafikiri, akameza.

"Viatu gani, mami?"

Nzilani alimwambia si kitu, amalize chakula. Alikaa kando yake kwenye kizingiti, akamfuta mdomo kwa kidole, mdomo mkavu wenye joto. Sasa alijua ni nani aliyekuwa nyuma ya boti alipoisukuma kwa ule mti, na alijua kwamba ingekuwa leo angemsukuma tena.